Rojo la parachichi kwa Shangazi, Kandara

IKIWA wewe ni mmoja wa wakazi wa jiji ambao hununua parachichi kandokando ya barabara wakitoka kazini, bila shaka mkasa huu umewahi kukupata. Unafika nyumbani, unaliweka tunda juu ya kabati, unangoja siku tatu, unangoja wiki nzima, na badala ya kuiva linanyauka na kuwa kama mpira wa gurudumu. Ukilikata, ndani ni gumu na lina uchungu. Unalitupa na kumlaani mama aliyekuuzia.

Mimi nilikuwa miongoni mwa walaanifu hao hadi mwanzoni mwa mwezi wa Machi, mwaka 2024, nilipofunga safari na binti yangu kwenda Kandara, katika Kaunti ya Murang'a.

Haikuwa safari ya matembezi. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka tisa, alikuwa ametoka kuugua homa ya matumbo. Dawa alikuwa amezimaliza na daktari akatuambia kwamba kilichobaki ni chakula. Lakini chakula ndicho alichokataa katakata. Uji aliusukuma kando, mayai yalimchefua na nyama hakutaka hata kuinusa. Sare ya shule ilimning'inia kama nguo iliyoanikwa kwenye kamba. Kila mzazi aliyewahi kuuguza mtoto anajua ule woga unaokujia usiku unapompapasa mgongo na kuhesabu mbavu.

Nilimpigia simu Shangazi, dada ya marehemu baba, nikamweleza yote. Hakunipa pole wala ushauri.

"Mlete," alisema. "Na usije na mikate. Njoo na ndimu kumi, maana mti wangu ulikauka."

Shule zilipofungwa kwa likizo fupi ya katikati ya muhula, tukaondoka.

Barabara kuu ya Thika, ambayo ujenzi wake ulikamilika mwaka 2012, imeifanya safari hii kuwa fupi mno. Wale wa rika langu wanaikumbuka barabara ya zamani na misururu yake ya magari. Siku hizi, ukitoka jijini alfajiri, unafika Thika kabla hujamaliza kusinzia. Hapo ndipo mito miwili, Chania na Thika, inapopita karibu karibu, na maporomoko yake bado yanavutia wanaopenda kupiga picha. Ukivuka hapo unaanza kuona mashamba ya mananasi yaliyonyooshwa kama zulia, safu baada ya safu, mpaka macho yanachoka.

Halafu unafika Kabati. Unapinda kushoto, na kuanzia hapo nchi inageuka. Tambarare inakwisha na barabara inaanza kupanda na kushuka, mgongo mmoja wa kilima baada ya mwingine, na chini ya kila mgongo kuna kijito. Udongo ni mwekundu, ule wa kushika viatu. Zamani, nilipokuwa nikija huku nikiwa mtoto, kila mteremko ulikuwa wa kahawa. Kahawa bado ipo, lakini siku hizi kila boma limezungukwa na miparachichi, na katika baadhi ya mashamba mikahawa imeng'olewa kabisa ili kuipisha.

Binti yangu aliegemea dirisha la matatu na kuuliza kama miti yote ile ni ya avokado. Nikamwambia ndiyo. Akaguna. Hakuwa akilipenda tunda hilo.

Kwa jina lipi, msomaji? Vitabu vya Kiswahili vinasema parachichi. Pwani wapo waliozoea kuliita embe mafuta. Sisi wa Nairobi tunasema avokado tu. Wenyeji wa Kandara, kwa Kikuyu, huliita korobia, na yakiwa mengi, makorobia. Shangazi hutumia majina yote manne kwa zamu kulingana na anayezungumza naye.

Mti wa zamani

Boma la Shangazi lina miti kumi na miwili. Kumi na mmoja ni ya aina ya Hass, iliyopandikizwa, mifupi na iliyopangwa kwa mistari. Wa kumi na mbili ni mkubwa kupita nyumba. Huo ni wa aina ya Fuerte, ulipandwa na marehemu mumewe, na chini yake ndipo wageni wote huketi.

Mti huo ulikuwa na kesi. Kijana wa Shangazi anayefanya kazi Nairobi alikuwa ameshikilia kwamba ukatwe, na mahali pake papandwe miche mitatu ya Hass. Sababu yake ilikuwa ya maana. Wanunuzi wanaopeleka matunda ng'ambo wanaipenda Hass kwa kuwa ngozi yake ni nene, haichubuki ovyo safarini, na hugeuka kuwa zambarau iliyokolea inapoiva, kiasi kwamba mnunuzi anajua siku ya kuila. Fuerte ina ngozi laini na hubaki kijani hata ikiwa tayari. Bei yake, kwa hiyo, ni ya chini.

Shangazi alikuwa na hoja yake pia. Aliwahi kuelezwa na afisa wa kilimo kwamba ua la mparachichi hufunguka mara mbili, mara ya kwanza likiwa la kike na mara ya pili likiwa la kiume. Maua ya Hass huwa ya kike asubuhi, na yale ya Fuerte huwa ya kike alasiri. Mmoja anapohitaji chavua, mwenzake ndiye anayeitoa. Nyuki wakiwapo, mti mmoja wa Fuerte unaweza kuinufaisha Hass iliyo jirani.

"Sasa mimi nimkate bwana harusi kisha nitazamie watoto?" aliniuliza.

Aina hizi mbili zina visa vyao, na kwa kuwa nilikuwa nimevisoma, nilimsimulia. Jina la Fuerte ni neno la Kihispania lenye maana ya mwenye nguvu. Mwaka 1911, kijana mmoja aitwaye Carl Schmidt alitumwa Meksiko kutafuta miparachichi bora, akakata vikonyo kutoka kwa mti uliokuwa Atlixco, na vikapelekwa California. Mwaka 1913 baridi kali iliingia huko ikaua miche mingi, lakini huo ukavumilia, ndipo ukapewa jina hilo. Hass nayo ni jina la mtu, Rudolph Hass, tarishi wa kupeleka barua huko California, ambaye alipanda mbegu shambani mwake na mmoja wa miche ukazaa matunda ambayo hakuna aliyekuwa ameyaona. Aliusajili mwaka 1935. Mti wenyewe, ule wa kwanza, ulioza mizizi na ukafa mwaka 2002. Kila mti wa Hass duniani, ikiwemo ile kumi na mmoja ya Kandara, ni kikonyo cha kikonyo cha mti ule.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Tarishi! Basi serikali yao ilimlipa vizuri, kama alikuwa na shamba." Akaingia jikoni.

Bakuli la kwanza

Kuna jambo moja ambalo wengi wetu jijini hatulijui. Parachichi haliivi likiwa mtini. Linakomaa mtini, lakini halilainiki hadi lichumwe. Shangazi alikuwa amechuma matunda ya Fuerte siku nne kabla hatujafika, akayapanga kwenye kikapu pamoja na ndizi mbivu mbili, akafunika kwa gunia. Ndizi mbivu hutoa hewa inayoharakisha kuiva. Ukilitia tunda bichi ndani ya friji, kama nilivyokuwa nikifanya miaka yote, unalizuia kuiva. Friji ni ya tunda ambalo tayari limeiva na unataka lingoje siku mbili tatu.

Aliyajaribu kwa kuyashika kiganjani na kuyabana taratibu kwa kiganja kizima. Anayebonyeza kwa kidole gumba, alisema, huacha jeraha jeusi ndani na mnunuzi wa baadaye hulipia jeraha hilo. Nilikumbuka vidole vyangu sokoni nikanyamaza.

Kabla ya kukata, aliyaosha kwa maji yaliyochemshwa. Ngozi hailiwi, lakini kisu hupita kwenye ngozi na kuingia ndani pamoja na uchafu wote. Kwa mtoto aliyetoka kuugua homa ya matumbo, jambo hilo halina mzaha. Maembe, dhania na pasheni navyo vilioshwa hivyo hivyo, na mikono kwa sabuni.

Parachichi zilikuwa tatu. Alizipasua, akatoa makokwa, akakomba nyama kwa kijiko cha mbao na kuitia ndani ya bakuli la udongo. Mara moja akakamulia ndimu moja na nusu. Hilo ndilo la kwanza kufanywa, si la mwisho, kwa sababu nyama ya parachichi ikikutana na hewa huanza kugeuka rangi na kuwa kahawia. Uchachu wa ndimu huchelewesha jambo hilo. Alitia chumvi ya kubana kwa vidole viwili, akaponda kwa uma. Hakuponda hadi ikawa kama mafuta ya kujipaka. Aliacha mabonge madogo madogo, eti jino lazima lipate kazi.

Kitunguu chekundu, nusu tu, alikuwa amekikatakata vidogo sana na kukiosha kwa maji ya chumvi ili kupunguza ukali. Kilifuata hicho, kisha dhania. Pilipili aliiweka kando kwenye kisosi kwa watu wazima.

Halafu yakaja matunda. Embe moja bivu lakini gumu kiasi, lililokatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Tunda damu moja, lililotumbukizwa katika maji moto kwa dakika moja ili ganda lichunike, kisha likakatwa vivyo hivyo. Pasheni mbili, zile za zambarau, zilikamuliwa juu pamoja na mbegu zake. Alichanganya mara tatu tu kwa kijiko, polepole, embe lisipondeke.

Nilimwuliza kwa nini hakutia nanasi, na mananasi tumeyapita njiani tele. Alisema nanasi linafaa, lakini ni lazima likatwe na kuachwa kwenye chujio lidondoke maji kwanza, la sivyo rojo linakuwa mchuzi. Tikitimaji hataki hata kulisikia.

Waama, nilidhani kutia matunda ndani ya parachichi ni uvumbuzi wa Shangazi. La hasha! Wenyeji wa Meksiko, ambako mti huu una asili yake, walikuwa wakiponda parachichi kabla Wahispania hawajafika. Kwa lugha yao ya Kinahuatl tunda ni ahuacatl na rojo ni molli, na kutokana na maneno hayo mawili ndipo likapatikana jina guacamole linaloandikwa kwenye orodha za vyakula hotelini. Katika jimbo la Guanajuato wako wanaolitia pichi, zabibu na punje za komamanga. Shangazi hajawahi kumwona mtu wa Meksiko. Alitia embe kwa sababu embe lilikuwapo.

Bakuli liliwekwa mkekani chini ya mti, na kando yake sinia la nduma na viazi vitamu vilivyochemshwa na kukatwa vipande virefu vya kushikika. Hakuna aliyemwambia binti yangu ale. Shangazi alichukua kipande cha kiazi, akachovya, akala, akaendelea kunisimulia habari za harusi fulani ya kijijini. Mjukuu wake wa kidato cha tatu, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, alichovya mara nne mfululizo kwa namna wavulana wanavyokula.

Mtoto alitazama. Alichukua kipande cha nduma, akachovya pembeni kabisa, mahali penye embe. Akaonja. Akachovya tena. Nilitazama upande mwingine ili asione uso wangu.

Alikula vipande sita. Nilihesabu.

Gari la kununua

Kesho yake asubuhi, tukiwa bado tunakunywa chai, gari dogo la mizigo likasimama langoni. Alishuka mwanamume mmoja mwenye kofia na vijana watatu wenye magunia na miti mirefu. Alikuwa dalali. Alitaka matunda yote ya miti kumi na mmoja ya Hass, leo hii, kwa shilingi sita kila tunda, pesa mkononi.

Shangazi alipiga hesabu papo hapo, nami nikaipiga. Miti ile ilikuwa na takriban matunda 300 kila mmoja. Zilikuwa karibu shilingi 20,000. Na nilijua, kwa kuwa nilikuwa nimeelezwa usiku, kwamba mjukuu yule alikuwa na deni la karo la shilingi 9,000, na kwamba shule yao ilikuwa imetangaza kuwa mwenye deni asirudi baada ya likizo bila pesa. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

Kijana alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Hakusema neno.

Shangazi alitembea hadi kwenye mti wa karibu, akachuma tunda kubwa kuliko yote, akalipasua katikati kwa kisu cha jikoni. Alilitoa kokwa na kuliinua juu ili sote tulione.

"Tazama ngozi ya kokwa," alisema.

Ilikuwa nyeupe, nene, imeshikamana na nyama. Kwa tunda lililokomaa, ngozi hiyo huwa ya rangi ya kahawia, nyembamba kama karatasi. Nje, Hass ile ilionekana imetimia, kubwa na ya kupendeza. Ndani ilikuwa bado na majuma kadhaa. Tunda la namna hiyo halijapata mafuta yake. Ukilichuma, haliivi, linanyauka tu. Ndilo lile la juu ya kabati langu Nairobi.

"Mama, wenzako wote wa mstari huu wameuza," dalali alisema, na kwa kweli hakusema kwa ubaya. Naye ana watoto.

"Ninajua. Na nyinyi mtaenda kuyauza kwa nani?"

Hakujibu. Kwa miaka kadhaa, mamlaka inayosimamia kilimo cha mboga na matunda imekuwa ikisimamisha usafirishaji wa maparachichi kwa meli kila mwishoni mwa mwaka na kuufungua tena mapema mwaka unaofuata, kwa sababu hii hii ya matunda machanga. Mwaka 2022 China ilifungua soko lake kwa maparachichi mabichi kutoka Kenya, na wanunuzi wa Ulaya ni wa zamani. Kontena moja la matunda yasiyoiva likifika huko linamharibia jina hata mkulima aliyengoja. Lakini ni rahisi kusema hivyo ukiwa huna mtoto anayefukuzwa shule Jumatatu.

Shangazi alimgeukia yule bwana na kumwonyesha mti mkubwa. "Ule umekomaa. Nunua ule."

Dalali alicheka. Fuerte? Alitoa shilingi tatu. Wakavutana kwa muda wa kunywa chai kikombe kizima, hatimaye wakapatana shilingi nne. Alimpa pia sharti: hakuna kutikisa matawi. Tunda likianguka chini linachubuka ndani hata kama ngozi ni nzima. Vijana wachume kwa mti wenye kifuko na makasi, na kila tunda libaki na kikonyo kifupi, kwa sababu likinyofolewa hapo ndipo kuoza kunapoingilia. Vijana walinung'unika, wakafanya.

Yalichumwa matunda 900. Shilingi 3,600.

Gari lilipoondoka, Shangazi aliketi chini ya mti na kuzihesabu noti mara mbili. Hakuwa na furaha. Alikuwa amekataa pesa ambazo zingelipa karo yote na kubaki, akachukua ambazo hazikufika hata nusu ya deni. Mjukuu alienda kukata majani ya ng'ombe bila kuambiwa. Binti yangu, asiyejua chochote, aliuliza kama rojo lilikuwa limebaki.

Lilikuwa limebaki kidogo, chini ya jani la mgomba lililobanwa juu yake ili hewa isipite. Jirani mmoja aliyekuwapo alisema sisi wajinga, kwamba dawa ni kurudisha kokwa ndani ya bakuli. Nimejaribu tangu siku ile. Kokwa huzuia weusi pale tu lilipofunika, pembeni mwake kunageuka kama kawaida. Jani, au karatasi ya nailoni iliyogusana na rojo lenyewe, ndilo linalofaa, na hata hivyo ni vizuri liliwe siku hiyo hiyo au asubuhi inayofuata.

Tulipoagana niliacha shilingi 2,000 chini ya bakuli la sukari. Najua aliziona kabla sijafika langoni, maana aliniita jina langu la utotoni, kisha akanyamaza. Kijana alirudi shuleni na shilingi 5,600 pamoja na barua ya kuomba subira. Shangazi aliiandika mwenyewe kwa mkono, mistari minne.

Jikoni kwako

Tulirudi Nairobi na mfuko wa matunda, na kwa majuma matatu nilitengeneza rojo lile karibu kila jioni. Si kwamba parachichi ni dawa ya kuponya ugonjwa, na anayekuuzia hivyo anakudanganya. Lakini kwa mtu aliyekonda na ambaye tumbo halitaki mengi, ni chakula kidogo kinachobeba mengi. Gramu 100 zina takriban kalori 160 na karibu gramu saba za nyuzinyuzi. Zina potasiamu kuliko ndizi mbivu ya uzito huo. Zina foleti, ambayo akina mama wajawazito huhimizwa kuipata. Mafuta yake mengi ni ya jamii ile ya mafuta ya mzeituni.

Na hapa ndipo embe la Shangazi linapopata maana. Ile rangi ya manjano ya embe, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haifyonzwi vizuri bila mafuta. Ukila embe peke yake unapata kiasi, ukilila pamoja na parachichi unapata zaidi. Karoti na spinachi ni vivyo hivyo, kwa hivyo usiogope kuongeza kipande cha parachichi kwenye sahani ya mboga.

Kwa mtoto mchanga aliyefikisha miezi sita na kuanza kulishwa, pondaponda parachichi peke yake, bila chumvi, kitunguu wala ndimu. Kwa mtu mzima mwenye uzito wa kutosha, nusu tunda kwa siku inatosha, maana mafuta ni mafuta. Aliye na ugonjwa wa figo amwulize daktari wake kwanza kwa sababu ya potasiamu.

Nanyi wanafunzi wa vyuo mnaoishi katika vyumba vya kupanga na jiko moja la mafuta ya taa kwa watu wanne: hiki ni chakula kisichohitaji moto. Parachichi moja, nusu ndimu, nusu embe, chumvi, na chapati mbili za kununua. Msimu wa embe ukipita, tumia papai gumu au chungwa lililomenywa na kutolewa ngozi nyeupe. Mimi mwenyewe sipendi la chungwa, lakini nyumbani kwangu nimeshindwa kura.

Mwezi wa Juni Shangazi alipiga simu. Hass ilikuwa imechumwa wiki ile, ngozi ya kokwa ikiwa kahawia, na kikundi chao kilikuwa kimeyapeleka matunda kwa mnunuzi wa ng'ambo, yakapimwa kwa kilo. Sikumwuliza bei na hakuitaja. Alisema deni la shule limekwisha, na kwamba kijana wake wa Nairobi alikuja na msumeno wa moto wikendi iliyopita, akaketi chini ya mti mkubwa akala bakuli zima, akarudi na msumeno wake.

"Na mtoto?" aliuliza.

Mtoto alikuwa karibu nami mezani. Alikuwa amekata embe mwenyewe, vipande vikubwa mno, na alikuwa akigombana na kaka yake kuhusu nani amemaliza pasheni.

"Mpe simu," Shangazi alisema.